Sonara wa Mkono Mmoja

Mfua dhahabu katika lugha yetu huitwa sonara, neno lililotujia kutoka kwa Wahindi, na mtu hupewa jina hilo kwa ajili ya mikono yake. Hatuulizi sonara amesoma vitabu vingapi, wala hatumtaki atueleze habari za mataifa yaliyopotea; twatazama vidole vyake tu, na wepesi wao juu ya koleo na tupa. Kwa hiyo ni ajabu kidogo kwamba mmoja wa masonara waliosifiwa zaidi Ulaya katika karne ya 19 alikuwa mtu asiyeweza kufua. Alessandro Castellani wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1823, alipoteza mkono mmoja katika ajali ya uwindaji angali kijana. Alizaliwa katika nyumba ya dhahabu, akarithi karakana ya dhahabu, na asiweze kukaa mezani pa mfuaji. Yaliyomtokea baada ya hapo hayakuwa katika hesabu ya baba yake, wala, nadhani, katika hesabu yake mwenyewe.

Lakini habari za mwana hazieleweki bila ya habari za baba. Fortunato Pio Castellani alizaliwa Roma mwaka 1794, na mwaka 1814 akafungua duka lake. Mwaka huo ndio Papa Pius wa Saba aliporejea mjini kutoka katika kifungo cha Napoleon, na Roma ikarudi kuwa mji wa makasisi, wasafiri na magofu. Wasafiri ndio waliokuwa na fedha. Waingereza, Wafaransa na Warusi walikuja kwa makundi kuyatazama magofu, na kila mmoja alitaka kurudi kwao na kitu kidogo mfukoni. Duka la Castellani liliwauzia walichokizoea, yaani vito vilivyoigwa kwa vile vya Paris na London. Hapana haya katika kazi ya namna hiyo, maana mwenye duka hulishwa na mnunuzi. Hata hivyo Fortunato Pio hakuwa mwigaji mtulivu. Mwaka 1826 alisimama mbele ya wataalamu wa Accademia dei Lincei akawasomea habari za namna ya kuipa dhahabu rangi kwa dawa. Sonara asomaye makala mbele ya wanazuoni amekwisha kuitoa roho yake katika biashara tupu.

Ndipo alipopata rafiki ambaye hakuna mfua dhahabu ambaye angemtazamia. Michelangelo Caetani, baadaye Duke wa Sermoneta, alikuwa mkuu wa mojawapo ya koo za kale kabisa za Roma, na alitumia maisha yake akimchambua Dante hata akachora ramani za peponi na jehanamu kama zilivyo katika utenzi wake. Mtu huyu wa daraja ya juu aliketi na mfua dhahabu, akachora mifano ya vito kwa mkono wake, akamhimiza aache kuiga Paris. Neno lake kwa ufupi lilikuwa hili: kwa nini Mroma auze mambo ya ugenini, naye anakanyaga juu ya hazina iliyo chini ya miguu yake?

Hazina ilikuja kujifunua yenyewe. Mwaka 1836, huko Cerveteri, kaskazini-magharibi ya Roma, kasisi mkuu Regolini na jenerali Galassi walichimba kilima wakalikuta kaburi ambalo halikuwa limeibwa. Kaburi lilikuwa la Waetruski, watu walioitawala sehemu hiyo ya Italia kabla ya Roma kupata nguvu, na vitu vilivyokuwamo ni vya karne ya 7 kabla ya Kristo. Mlikuwa na bizimu kubwa ya dhahabu iliyopambwa kwa simba wanaotembea na bata waliopangwa safu safu. Mlikuwa na bamba la kifuani lililojaa nakshi zisizoacha nafasi ya kuweka ncha ya kidole. Mlikuwa na bangili. Vyote vilipelekwa katika makumbusho mapya ya Waetruski yaliyofunguliwa Vatikani mwaka 1837. Fortunato Pio na mwanawe Alessandro, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu tu, walipewa ruhusa ya kuvikagua vitu hivyo kwa karibu. Siku hiyo ndiyo iliyowageuza. Walioingia walikuwa wauzaji wa vito, na waliotoka walikuwa wanafunzi wa wafu.

Msomaji atauliza ni nini walichokiona hata kikawafunga namna hiyo, maana dhahabu walikuwa wanaishika kila siku. Waliona punje. Waetruski walipamba dhahabu kwa punje za dhahabu, duara kamili, ndogo kama vumbi la unga, nyingine zikiwa chini ya robo ya milimita kwa upana, zimepangwa kwa mistari na pembetatu na maua, maelfu yao juu ya kitu kimoja. Kila punje imegusana na bamba kwa nukta moja tu, na imeshikamana imara kwa miaka elfu mbili na mia tano. Kutengeneza punje zenyewe si kazi ya ajabu, maana vipande vidogo vya dhahabu vikifukiwa katika unga wa mkaa na kutiwa motoni, kila kimoja hujikunja kikawa mviringo. Tatizo lilikuwa kuzishikisha. Sonara wa karne ya 19, akitaka kuunganisha dhahabu na dhahabu, alitumia lihamu, yaani mchanganyiko wa madini uyeyukao mapema kuliko dhahabu yenyewe. Lihamu ikiyeyuka hutiririka. Juu ya mkufu mnene hilo halidhuru. Lakini kati ya punje zisizozidi vumbi, lihamu hujaza nafasi zote, na pale palipokuwa na maelfu ya nyota hubaki uji wa dhahabu. Katika kazi ya Waetruski lihamu haionekani kabisa. Ni kana kwamba punje zilinyesha kutoka juu zikatua zilipoambiwa.

Akina Castellani waliitafuta siri hiyo kwa miaka mingi, na namna ya utafutaji wao yastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya mfanyabiashara awe mwanahistoria. Kwanza waliviuliza vitabu. Walimsoma Plinio Mroma, wakamsoma mtawa Theophilus wa zama za kati, wakamsoma Benvenuto Cellini. Kisha waliwauliza walio hai, wakachunguza kazi za masonara wa Kihindi, wa Malta na wa Genoa. Majibu waliyoyapata yalikuwa nusu nusu. Mwisho walifikiri jambo ambalo kwangu mimi ndilo bora kuliko yote waliyoyafanya: kwamba ufundi uliokufa mjini yamkini haujafa shamba. Wakatuma macho yao milimani, na katika mji mdogo wa Sant'Angelo in Vado, uliojificha katika milima ya Marche, wakawakuta mafundi waliokuwa bado wakiwatengenezea wakulima mapambo ya harusi, vipuli na mikufu, kwa mikono iliyorithiwa kwa mikono. Mafundi hao hawakuwa wamesikia habari za Waetruski, wala hawakuhitaji kuzisikia. Castellani waliwaleta baadhi yao Roma, wakawaweka mezani, na mabwana wa duka wakawa wanafunzi wa watu wa milimani. Alessandro alipoieleza habari hii baadaye aliwasifu hasa wanawake waliofanya kazi katika karakana yao, ambao vidole vyao viliweza kupanga punje na kutia lihamu kwa upole usiopatikana kwa wanaume.

Walibadili pia dawa. Mahali pa boraksi, ambayo mafundi wote waliitumia ili kusaidia lihamu kushika, walitia chumvi za aseniki; na lihamu yenyewe waliisaga kwa tupa hata ikawa vumbi lisilohisika kati ya vidole. Matokeo yalikuwa mazuri sana. Vito vilivyotoka katika karakana hiyo baina ya mwaka 1850 na 1880 vyaonyesha mistari ya punje ambayo mtu asiyekuwa na kioo cha kukuzia hawezi kuitofautisha na ya kale. Lakini mtu mwenye kioo aweza. Punje zao ni kubwa zaidi kidogo, na lihamu imeacha alama. Nampenda Alessandro kwa kuwa alikiri: aliposoma makala yake London, alisema waziwazi kwamba kazi zilizo laini kabisa za wazee bado zimewashinda, na kwamba yaelekea wazee walikuwa na dawa fulani isiyojulikana.

Dawa hiyo ilikuwapo. Mwaka 1933 Mwingereza mmoja, H. A. P. Littledale, aliandikisha njia yake ya kushikisha punje, nayo haikuwa na lihamu ndani yake hata kidogo. Alichanganya chumvi ya shaba na gundi, akazibandika punje kwa mchanganyiko huo, akatia motoni polepole. Katika joto la kadiri ya digrii 100 chumvi ile hugeuka ikawa oksidi ya shaba. Kwenye digrii 600 gundi huungua ikawa mkaa. Kwenye digrii 850 mkaa huo huinyang'anya shaba hewa yake, hewa ikaenda zake na ikabaki shaba safi, utando mwembamba pale tu punje inapoligusa bamba. Na karibu na digrii 890 shaba hiyo na dhahabu huungana. Dhahabu peke yake haiyeyuki ila baada ya digrii 1060, na shaba peke yake hushinda hapo, lakini zikikutana zote mbili hulegea mapema. Hivyo kiungo hujizaa chenyewe chini ya punje, wala hakuna kinachotiririka. Na sasa msomaji aangalie jambo hili: Plinio, katika kitabu kile kile walichokifungua Castellani, amekwisha kusema kwamba wafua dhahabu wa zamani zake huunganisha dhahabu kwa dawa iliyotiwa kutu ya shaba ya Kupro, pamoja na magadi na mkojo wa mtoto. Mambo ya mkojo huenda yaliwafanya wasomaji wacheke wakapita. Jibu lilikuwa mikononi mwao tangu mwanzo, na hawakulitambua kwa kuwa walikuwa wanatafuta lihamu, na Plinio alikuwa anawaambia habari za shaba.

Narudi kwa Alessandro. Baba alijiondoa kazini kiasi cha mwaka 1851, na duka likawa la wana wawili, Alessandro na Augusto. Augusto, aliyezaliwa 1829, alikuwa mtu wa hesabu, wa mpango, mkaaji wa nyumbani. Alessandro alikuwa moto. Kwa kuwa hakuweza kufua, alisema, alisoma, alinunua, alibishana, na juu ya yote alifanya siasa. Alimfuata Mazzini. Mwaka 1849, raia wa Roma walipoweka jamhuri, alikuwa upande wa jamhuri. Na jeshi la Ufaransa lilipoiangusha jamhuri hiyo mwaka ule ule, yeye hakuangusha maneno yake. Polisi wa Papa walimtambua, wakamfunga, wakamwandama.

Mtu aweza kudhani kwamba siasa hizo na punje za dhahabu ni mambo mawili yasiyojuana. La. Nchi iliyoitwa Italia haikuwapo bado. Palikuwa na dola nyingi ndogo, baadhi zikitawaliwa na wageni. Mtu aliyewaonyesha Waitalia kwamba babu zao walifua dhahabu kwa ufundi usiopatikana Paris alikuwa anawaambia kwamba wao ni taifa, na bibi aliyevaa kidani cha namna ya Waetruski kwenye karamu alikuwa amevaa neno la kisiasa shingoni, hata kama hakujua. Mwaka 1859, katika vita vya kuwatoa Waaustria, wazalendo wa Roma walichanga fedha ili mfalme Victor Emmanuel apewe upanga wa heshima. Caetani akauchora, Castellani wakaufua. Serikali ya Papa haikuhitaji kufasiriwa maana yake. Baada ya hapo Alessandro hakuwa na mahali Roma. Akafukuzwa katika mji wa kwao, akashika njia ya Paris.

Hapo ndipo maisha yake yalipopinda. Mfukuzwa wa kawaida hukaa mkahawani akilia habari za nyumbani. Alessandro alifungua nyumba ya vito huko Paris mwaka 1860, na mwishoni mwa mwaka huo akahutubia wanazuoni wa chuo cha maandishi ya kale kuhusu ufundi wa dhahabu wa wazee. Mwaka 1861 alikuwa London akifanya vivyo hivyo, na kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya London ya mwaka 1862 kazi za Castellani zilivuta macho ya watu wengi. Mtindo wa Kietruski ukaenea Ulaya. Masonara wa London na Paris wakaanza kutia punje katika vipuli vyao, wengi wao kwa lihamu iliyotapakaa. Huko Napoli, alikokaa tena kwa muda, alianzisha karakana ya kufundishia vijana, na katika mafundi waliotoka huko Giacinto Melillo akawa stadi aliyekaribia kuwazidi walimu wake. Hata mashairi yalimpokea. Robert Browning, alipochapisha The Ring and the Book mwaka 1868 na 1869, alianza kwa pete iliyofuliwa na Castellani kwa kuiga pete za Kietruski, akaeleza kwamba dhahabu tupu ni laini mno kwa kufuliwa, kwa hiyo sonara hutia mchanganyiko, kisha huuondoa mchanganyiko huo juu ya uso kwa dawa kali, na pete ikabaki yang'aa kama dhahabu tupu. Kwa Browning, dhahabu ni habari za kweli na mchanganyiko ni fikira za mshairi. Mfano ni mzuri. Lakini mwanahistoria anayeusoma lazima asite kidogo, maana mchanganyiko uliondolewa juu tu. Ndani ya pete bado umo.

Na hili ndilo jambo linalonitia mashaka katika habari zote za Castellani, wala sitaki kulipita kwa haraka.

Palikuwa Roma na mkusanyaji mmoja aitwaye Markisi Giampietro Campana, mkuu wa Monte di Pietà, nyumba kubwa ya rehani ya serikali ya Papa. Campana alipenda vitu vya kale kama mlevi apendavyo tembo. Alinunua vyombo, sanamu, bamba za udongo, vito, na fedha zake zilipokwisha alizichota za nyumba ya rehani. Mwaka 1857 alikamatwa; mwaka 1858 alihukumiwa miaka ishirini, adhabu iliyogeuzwa baadaye ikawa kufukuzwa katika nchi. Mkusanyo wake ulichukuliwa na serikali ili uuzwe kufidia deni. Vito vyake vilipita katika karakana ya Castellani kwa kutengenezwa, na mwaka 1861 Napoleon wa Tatu akanunua sehemu kubwa ya mkusanyo, vitu zaidi ya 10,000, vikapelekwa Paris. Urusi ilikwisha kuchagua vyake kabla yake. Wataalamu wa Louvre walipokuja kuvichunguza vito vya Campana kwa vyombo vya sasa, walikuta kwamba vingi vimetengenezwa kupita kiasi. Kidani kimoja kina shanga za makaburi mawili na mkufu wa karne ya 19. Kipuli kina nusu ya Kietruski na nusu ya Kiroma ya juzi. Mkono uliotengeneza ulikuwa stadi mno. Laiti ungekuwa na ustadi mdogo zaidi, tungejua leo ni kipi ni kipi.

Hapa nakumbuka jambo la nyumbani. Bibi yangu alikuwa na kipuli cha dhahabu kilichovunjika, naye akanituma nikipeleke kwa sonara wa mtaani, mzee aliyekuwa na desturi ya kutandika kitambaa chini ya meza yake ili vumbi la tupa lisipotee. Sonara akakitengeneza kwa moyo wote. Kilipovunjika akakiunga, palipochakaa akapajaza, nakshi zilizofifia akazichonga upya, akakisugua hata kikang'aa. Nilikileta nikitazamia shukurani. Bibi akakigeuza kiganjani mara mbili, akasema, "Mjukuu wangu, hiki ni kizuri. Changu kiko wapi?" Sikumwelewa siku hiyo.

Mapenzi ya vitu vya kale yana hatari hiyo ndani yake. Mwenye kupenda hapendi kuona jeraha. Akiona kidani kimekatika, mkono wamwasha; na kama mkono huo ndio pekee ulimwenguni unaojua kuiga punje za Waetruski, ni vigumu kuuzuia. Sisemi kwamba karakana ya Castellani ilikuwa karakana ya udanganyifu. Kinyume chake, kazi zao wenyewe walizitia chapa, herufi mbili za C zilizopeana mgongo, ili pasiwe na mtu wa kuuziwa kipya kwa jina la kale. Na duka lao karibu na chemchemi ya Trevi lilipangwa kwa zama, kipindi baada ya kipindi, tangu watu wa kwanza wa Italia hata wakati wao, kama darasa la historia ambalo mwanafunzi akitoka hulipa. Huo ni uaminifu. Lakini chapa hutiwa juu ya kitu kizima kipya. Kiraka hakina chapa.

Na Alessandro, tangu kufukuzwa kwake, alikuwa amekuwa zaidi ya sonara. Alikuwa muuzaji wa vitu vya kale, na muuzaji mkubwa. Mtu aliyeanza kwa kukagua bizimu moja Vatikani aliishia kupeleka mikusanyo mizima baharini. British Museum ilinunua kwake dhahabu za kale mwaka 1872, na mwaka 1873 shaba, sanamu na vitu vingine kwa wingi. Kati ya hivyo mna kichwa cha shaba cha mungu mke, kilichotoka Satala katika Anatolia, ambacho hakuna mtu akitazamaye asijue kwamba amesimama mbele ya kitu adimu. Wageni wa makumbusho hayo hukitazama hata leo. Jicho lililokichagua lilikuwa jicho la kweli. Lakini katika mauzo yale yale ya 1873 lilikuwamo jeneza kubwa la udongo la Kietruski, mume na mke wamelala juu ya kitanda, lililosemekana kutoka Cerveteri. Liliwekwa hadharani kwa miaka mingi na likasifiwa. Ni la uongo. Lilitengenezwa na ndugu wawili, Pietro na Enrico Pennelli, watengenezaji wa vitu vya kale, na mwanamke aliye juu yake amevaa vazi linalokaribiana mno na nguo za ndani za mabibi wa karne ya 19. Katika karne ya 20 makumbusho yaliliondoa. Ama jicho la Castellani lilidanganyika hapo, ama lilifumba. Mimi naelekea kuamini kwamba lilidanganyika, kwa kuwa mtu aliyezoea kuona yaliyopungua yakikamilishwa huacha polepole kushangaa aonapo kitu kikamilifu.

Na kuna swali jingine, gumu zaidi kwa sisi tulio katika nchi ambazo vitu vyake vya kale vimejaa makumbusho ya wengine. Dola ya Papa ilikuwa na sheria tangu mwaka 1820, amri ya Kardinali Pacca, iliyokataza kutoa vitu vya kale nchini pasipo ruhusa. Alessandro aliipenda Italia hata akafukuzwa kwa ajili yake. Alihubiri katika kila mji kwamba dhahabu hizo ni urithi wa Waitalia. Kisha akauza urithi huo London na Paris, na mwaka 1876 akavuka bahari na mkusanyo wake hata Philadelphia, kwenye maonyesho ya miaka mia ya Marekani. Wapo wamteteao kwa kusema kwamba vitu hivyo vilitunzwa vema zaidi ugenini, na kwamba mfukuzwa lazima ale. Hoja ya pili naikubali. Ile ya kwanza nimekwisha kuisikia mara nyingi mno, kwa habari za nchi nyingi mno.

Augusto alichagua njia nyingine. Alibaki Roma, akavumilia serikali ya Papa, akaendesha karakana. Na Roma ilipoingia katika Italia moja mwaka 1870, akawa mkurugenzi wa heshima wa Makumbusho ya Capitolini, akayapa vitu vingi kutoka kwake mwenyewe. Alessandro naye alirudi baada ya mwaka huo, akatembea mjini mwake pasipo polisi nyuma yake. Alifariki mwaka 1883 huko Portici, karibu na Napoli, na mwaka uliofuata mkusanyo wake ulipigwa mnada Roma na Paris, ukatawanyika. Augusto aliishi hata 1914. Mwanawe Alfredo, wa mwisho katika ukoo kuifanya kazi hiyo, aliutoa mkusanyo wa familia kwa taifa mwaka 1919, ukawekwa Villa Giulia mjini Roma, katika makumbusho ya Waetruski, dhahabu za wazee upande mmoja na maigo ya Castellani upande wa pili. Alfredo alifariki mwaka 1930, miaka mitatu tu kabla ya Littledale kuandikisha siri ambayo babu yake aliitafuta kwa umri wote.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2013 wezi waliingia Villa Giulia. Waliujaza ukumbi moshi ili wasionekane, wakavunja vioo, wakatoroka na mapambo ya dhahabu. Walinzi walipohesabu vilivyopotea, vilikuwa vito vya karne ya 19, kazi ya karakana ya Castellani. Polisi wa Italia walivipata vingi mwaka 2016, navyo vikarudishwa Villa Giulia, karibu na dhahabu za Waetruski ambazo viliigwa kwazo.